Injini Mpya Inagonga: Shajara ya EJ207, Mombasa

18 Januari 2025. Injini imefungwa, bado haijawaka

Shajara hii ni ya yeyote mwenye Subaru ya turbo hapa pwani anayefikiria kuijenga injini kwa mikono yake. Maelezo mengi niliyosoma kabla ya kuanza yalikoma siku injini ilipofungwa, kana kwamba hapo kazi imekwisha. Mimi nitayaweka hapa yanayofuata pia, pamoja na gharama na makosa.

Gari ni Impreza WRX STI ya 2004, mwili wa GDB, injini ya EJ207. Tulikuwa watoto mwaka 1997 Colin McRae alipoishinda Safari Rally kwa Impreza, na tangu hapo mtaani kwetu mngurumo wa boksa, injini ya silinda zilizolala pande mbili, hauhitaji kutambulishwa. Silinda ya 4 ilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo bloku imechongwa kutoka mm 92 hadi 92.5. Mwendo wa pistoni ni ule ule mm 75, hivyo cc 1994 zimekuwa 2016. Pistoni ni za kufuliwa, aloi ya 2618, na uwazi kati ya pistoni na silinda ni mm 0.09. Konrodi, zinazounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu wa injini), ni za kufuliwa, beringi zote mpya, pampu ya oili mpya. Skrubu za bamba la nyuma la pampu nimezitoa moja moja nikazipaka gundi ya nyuzi, maana kwenye injini hizi hulegea zenyewe na presha ya oili ikashuka. Uwazi wa vali umo ndani ya kipimo cha kitabu.

Kosa la kwanza lilitokea hata kabla sijafunga kitu. Bloku ilirudi kutoka karakana ya mashine jioni, imeoshwa, inang'aa. Nikaifunika kwa nailoni nikaenda kulala. Asubuhi slivu (kuta za chuma za silinda) zote nne zilikuwa na wekundu wa kutu. Hewa yetu ya bahari haingoji: chuma kilichotoka kuchongwa kipakwe oili saa ile ile, ndani ya silinda na kila mahali palipoguswa na mashine. Kuirudisha ikapigwe honi nyepesi, yaani kuta za silinda zisuguliwe tena, kulinigharimu KSh 4,000 na siku tatu.

Gharama mpaka hapa: pistoni na ringi 104,000, konrodi 68,000, beringi 19,500, gasketi 34,000, vifaa vya taiming'i 41,000, pampu 16,500, kuchonga 32,000, honi ya pili 4,000, klachi na flaiwili (gurudumu la nyuma ya krenki) nyepesi 58,000, vidogo vidogo 11,000. Jumla KSh 388,000.

1 Februari 2025. Imewaka

Nilitoa plagi, nikachomoa injekta, nikazungusha kwa starta mpaka geji ya oili ikapanda. Mara tatu, sekunde kumi kumi. Ndipo nikarudisha kila kitu. Oili ni ya madini, 15W-40.

Iliwaka mara ya pili. Kitabu kinataka angalau kPa 98 kwenye mizunguko 600 kwa dakika, oili ikiwa nyuzi 80. Yangu, ikiwa na moto wake wote, inasoma kPa 150 gari likiwa limesimama. Sikuiacha iungurume muda mrefu mahali pamoja, kwa sababu ringi mpya zinahitaji mzigo ili zikae. Nikatoka nayo Nyali mpaka Shanzu na kurudi, gia ya tatu na ya nne, nikikanyaga na kuachia.

Inavuta vizuri. Lakini ina milio, na zaidi ya mmoja. Upande wa dereva kuna kudonoa kwa kasi, kama kuku kwenye bati. Mbele kuna kuchakacha kwa sekunde tano au sita kila ninapoiwasha. Ikiwa baridi kuna kugonga kwa sauti nene inayopotea baadaye. Na ikiwa haiko gia, chini kabisa, kuna mkwaruzo.

Nimeamua nishughulikie mmoja mmoja, niumalize ndipo nihamie mwingine. Milio ikichanganyika, sikio husikia lile moyo unaloliogopa.

8 Februari 2025. Kudonoa upande wa dereva

Kabla ya kugusa spana nilirekodi kwa simu, kisha nikaipunguza kasi rekodi na kuhesabu. Hesabu yenyewe ni rahisi na itarudi tena huko mbele. Injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, krenki inazunguka mara 15 kwa sekunde. Kamu (mhimili unaofungua vali) na vali huenda nusu ya hapo, na kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo mlio wa mara saba na nusu kwa sekunde unatokana na vali, injekta au moshi wa silinda moja. Mlio wa mara 15 kwa sekunde unakwenda na krenki.

Huu wa kudonoa ulikuwa saba na nusu. Kwenye EJ, silinda za 1 na 3 ziko kulia, kwetu ndio upande wa dereva. Nikachukua kipande cha mpira wa maji cha mita moja, ncha moja sikioni, nyingine nikiipitisha polepole chini ya hedi (kifuniko cha silinda chenye vali). Pale silinda ya 3 nilihisi pumzi ndogo ndogo zikinipiga ngoma ya sikio. Huo ni moshi unaovuja.

Kuthibitisha: injini ikiwa imezimwa na kupoa, nikapuliza hewa kwenye egzosi kwa blowa ya kupulizia vumbi, matambara yakiziba pembeni, mpwa wangu akinyunyiza maji ya sabuni. Povu likatoka pale pale, kwenye gasketi ya silinda ya 3. Nati ilikuwa imekaza, lakini haikuibana egzosi. Nyuzi za stadi (boliti isiyo na kichwa inayoishika egzosi) zilijaa kutu, nati ikakwama kabla ya kufika mwisho, na mkono wangu ukasoma kukwama kama kukaza.

Stadi mbili na nati mpya 1,600, gasketi 3,800. Mlio umeisha. Imebaki sauti ya injekta, nyepesi, silinda zote nne sawa. Hiyo ni yake, niliiacha.

22 Februari 2025. Kuchakacha mbele

Mlio huu wa sekunde chache kila asubuhi ulikuwa kosa langu, na wengi watalifanya, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Mkanda wa taiming'i wa EJ, unaoziendesha kamu kutoka kwenye krenki, unavutwa na tenshena yenye oili ndani. Kabla ya kuifunga unaisukuma fimbo yake irudi ndani, unaingiza pini, na ukishaufunga mkanda unachomoa pini. Kitabu kinasema isukumwe ikiwa imesimama wima, taratibu, kwa zaidi ya dakika tatu. Mimi niliilaza kwenye jiliwa, nikazungusha mpini kama ninayebana ubao, na kwa nusu dakika ilikuwa ndani. Ikilazwa na kuharakishwa hivyo, hewa huingia kwenye oili na sili huweza kuumia. Matokeo yake fimbo inakuwa laini, mkanda unapigapiga mpaka oili ipande.

Nilijuaje kuwa ni yenyewe? Nilifungua kifuniko cha pembeni cha mkanda, mpwa akawasha, na kwa macho nikaona mkono wa tenshena ukitetemeka kwa zile sekunde tano, kisha ukatulia.

Sikuthubutu kujaribu kuifufua. EJ207 mkanda ukiruka meno, vali hukutana na pistoni. Nimenunua mpya kwa 12,500 na hii nimeisukuma ikiwa imesimama, kwa jeki ndogo na fremu ya vyuma, nikitazama saa. Dakika nne.

Kazi niliifanya injini ikiwa ndani ya gari. Rejeta nje, mikanda nje, puli ya krenki nje, vifuniko nje. Kurudisha ni kinyume chake. Puli nikaifunga gari likiwa kwenye gia ya tano, mpwa amekanyaga breki. Mlio wa mbele umeisha tangu siku hiyo.

Kilomita 60.

8 Machi 2025. Miwili ambayo si ugonjwa

Mwezi wa Ramadhani umenifaa. Baada ya tarawehe watu wako macho, hakuna anayelalamikia injini kuwashwa, na barabara imetulia kuliko mchana. Nimesikia vitu ambavyo mchana vilimezwa na matatu na tuktuk.

Kugonga kwa asubuhi ni pistoni. Aloi ya 2618 haina silikoni ya maana, tofauti na 4032 ambayo ina takribani asilimia 12, kwa hiyo ikipata moto hutanuka zaidi. Ndiyo maana huachiwa uwazi mkubwa ikiwa baridi, na katika uwazi huo sketi ya pistoni inapigapiga ukuta wa silinda. Nilipima kwa saa: dakika nne, imenyamaza. "Baridi" yetu ni nyuzi 28. Atakayeifuata kazi hii akiwa Limuru ataisikia kwa muda mrefu zaidi na asishtuke. Jambo la kushika ni kuutendea mlio huo adabu. Mpaka unyamaze, sizidishi mizunguko 2,500 wala sisikii turbo.

Mkwaruzo wa chini unafanana na mbuzi ya kukunia nazi ikifanya kazi chumba cha pili. Ukikanyaga klachi unapotea, ukiachia unarudi. Hapo hakuna cha kutafuta ndani ya injini: flaiwili nyepesi haimezi tena mitetemo ya krenki, inaifikisha kwenye giaboksi, na meno ya gia zisizo na mzigo yanagongana. Muuzaji hakunieleza, ningependa angenieleza. Lakini haliharibu kitu.

Nimenunua stethoskopu ya fundi, ile yenye fimbo ya chuma, 1,800. Bisibisi ndefu inafanya kazi karibu ile ile.

Kilomita 240. Nilidhani shajara imekaribia mwisho.

15 Machi 2025. Mgeni mpya

Jana usiku, nikitoka Bombolulu kurudi nyumbani, vioo chini, nilisikia kitu ambacho hakikuwepo. Mbali, kizito, kama kinu kinachotwangwa nyumba ya tatu. Kinakuja kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 nikiwa nimekanyaga kidogo tu. Nikikanyaga sana kinapungua. Nilipofika na kuiacha ikiunguruma kikawa bado kipo, chini chini.

Leo nimeshinda nacho. Haya ndiyo niliyoyapima, kwa utaratibu niliofuata:

Rekodi ya simu: mapigo 15 kwa sekunde kwenye mizunguko 900. Kinakwenda na krenki.

Injekta: nimechomoa moja moja, injini ikiwaka kwa silinda tatu. Beringi ya konrodi ikiwa imekufa, ukiinyima moto silinda yake mlio hupungua au hubadilika. Hapa haukubadilika kwa silinda yoyote.

Stethoskopu: nguvu zaidi iko mbele ya bloku, chini ya vifuniko vya taiming'i. Nyuma karibu na giaboksi ni hafifu.

Presha ya oili: haijashuka hata kidogo.

Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa ndani kunipigia moto, aliniambia, "Mjomba, ukiwasha kiyoyozi inanyamaza." Nikajaribu, ni kweli. Nimelichukulia kuwa kompresa inapandisha mizunguko kidogo na mlio unatoka kwenye kasi yake.

Ninavyosoma mimi: kinakwenda na krenki, si silinda yoyote moja, kiko mbele. Ni beringi kuu ya kwanza. Nimeandika hivyo na mkono mzito.

16 Machi 2025. Filta

Nimemwaga oili na kuikata filta kuangalia ndani. Oili na filta mpya 6,200. Kwenye karatasi ya filta kuna vumbi la chuma linalometameta, jingi, limejaa kwenye mikunjo. Nimepitisha sumaku, limepanda lote.

Gari halitoki tena. Nitaitoa injini.

5 Aprili 2025. Injini nje

Kreni ya kukodi siku mbili, 5,000. Idd imepita, mafundi wamerudi kazini. Nimemwomba mzee mmoja wa Majengo aliyefanya injini za boksa kabla sijajua kushika spana, aje nisiwe peke yangu. Ujira wake 10,000.

Kwenye EJ, kuziona beringi kuu maana yake ni kuipasua bloku nusu mbili. Hedi zitoke, pini za pistoni zitolewe kupitia vitundu vya ubavuni, halafu boliti za bloku. Ni kubomoa kila nilichojenga tangu Novemba. Tukaanza na lililo karibu: sampu, beseni la oili chini ya injini. Ndani ya sampu, oili safi. Hakuna chenga, hakuna rangi ya shaba. Mzee akaingiza mkono akashika konrodi moja baada ya nyingine, akazivuta juu na chini. Hakuna hata moja iliyolegea.

Akaniuliza filta niliikata na nini. Nikamjibu, msumeno wa chuma.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hilo vumbi uliloliona ni la kopo lenyewe."

Kopo la filta ni chuma. Msumeno unalikata na unga wake unaingia kwenye karatasi. Beringi ni madini laini, aluminiamu au shaba na risasi, na madini hayo hayashikwi na sumaku. Kilichopanda kwenye sumaku yangu chote, bila kubaki kitu, kilikuwa kinanieleza jambo hilo hilo na sikulisikia. Filta ikatwe kwa kikata filta au mkasi wa bati, kamwe isikatwe kwa msumeno.

Tumeacha hapo. Mzee amesema tusiipasue bloku leo, tulale tuamke.

12 Aprili 2025. Tak

Injini iko kwenye stendi, flaiwili imefungwa kwa kipande cha chuma isizunguke. Mikanda haipo. Mzee alikuja baada ya dhuhuri, hakuuliza kitu, akashika puli ya krenki kwa mikono miwili kama mtu anayeshika usukani, akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia.

Tak. Tak.

"Sikiza," akasema. Akairudia. Krenki imefungwa, haiwezi kwenda popote. Lakini puli ilikwenda, labda nusu milimita kila upande, na kila ilipofika mwisho ikatoa sauti ile ile niliyoilala nayo mwezi mzima.

Boliti niliifungua kwa mpini wa kawaida bila kutia nguvu. Nilipoitoa puli, kwenye tundu lake palikuwa na unga mwekundu, laini kama bizari, umezunguka pale kwenye mfereji. Unga huo hutokea pale chuma kinaposuguana na chuma kikiwa kimebanwa nusunusu. Kii, kile kijipande kinachokaa kwenye mfereji ili krenki na puli ziende pamoja, kilikuwa kimelika mashavu yote mawili, ukikitazama kwa mbele kimekuwa kama punje ya mtama iliyoparwa. Sproketi ya taiming'i (gurudumu la meno linalouzungusha mkanda) nyuma yake nayo mfereji wake umepanuka. Krenki yenyewe, Alhamdulillahi, mfereji wake uko mzima, una alama tu. Ungekuwa umepanuka, ningekuwa natafuta krenki.

Sasa kila kitu kinasomeka upya. Puli inakwenda na krenki, kwa hiyo mapigo 15. Haina silinda, kwa hiyo injekta hazikuigusa. Iko mbele. Haina habari na presha ya oili. Na kiyoyozi: kompresa ikishika, mkanda unaivuta puli upande mmoja na kuishikilia hapo, haina nafasi ya kurudi na kugonga. Mpwa alinipa jibu tarehe 15 Machi, na mimi nililifunika kwa maelezo yangu. Mpangilio wa vipimo vyangu ulikuwa sahihi, nilichokosea ni kudhani kwamba kinachokwenda na krenki lazima kiwe ndani ya bloku. Puli, sproketi, flaiwili na sahani ya klachi zinakwenda na krenki pia, na zinafikiwa bila kreni.

Kipimo ambacho kingeniokoa ni cha dakika kumi. Legeza mikanda ya nje, itoe, washa injini kwa sekunde chache tu, sikiliza. Zima, shika puli kwa mikono miwili, itikise.

Ililegeaje? Rudi kwenye tarehe 22 Februari, pale nilipoandika mstari mmoja tu. Injini ilipojengwa, puli ilikazwa kwenye stendi, flaiwili imefungwa, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ya karakana. Nilipoitoa kwa ajili ya tenshena na kuirudisha ndani ya gari, spana yangu ya toki inaishia Nm 110, na boliti hii inataka karibu Nm 180. Nilifika 110, nikamalizia kwa mpini mrefu kwa kukisia. Gia ya tano na breki zilinyumbuka, nikahisi mpini unakwenda, nikadhani boliti inakwenda. Juu ya hayo, nyuzi zilikuwa kavu na zina uchafu wa gundi ya zamani, kwa hiyo sehemu ya zile 110 ziliishia kwenye msuguano. Tiba ya mlio wa pili ndiyo iliyozaa huu.

19 Aprili 2025. Kurudisha

Puli mpya 9,500, sproketi 7,800, kii 600, boliti mpya 1,100. Spana ya toki inayofika Nm 340, 8,500. Hii ya mwisho ningeinunua kabla ya pistoni.

Alama za kwenye krenki nilizilainisha kwa tupa laini sana, nikafuta kwa kitambaa chenye petroli. Nyuzi za ndani ya krenki nilizisafisha kwa brashi, kisha hewa. Tone la oili kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha boliti. Hatua ya kwanza Nm 44. Nikaweka alama ya kalamu kwenye kichwa cha boliti na kwenye puli, nikaenda Nm 180 huku flaiwili imefungwa. Boliti ilizunguka zaidi ya nyuzi 50 baada ya ile 44. Kitabu kinataka angalau 45. Ikizunguka chini ya hapo ujue toki imeliwa na uchafu, boliti haijavuta, toa uanze tena. Hicho ndicho kipimo ambacho spana peke yake haikuonyeshi.

Sampu ikafungwa upya kwa gundi ya silikoni (1,900), injini ikarudi, maji ya rejeta 3,200, oili na filta 6,200. Niliiwasha saa kumi jioni. Kulikuwa na pistoni zikigonga kwa dakika nne, zikanyamaza. Mbuzi ya nazi chini. Injekta. Basi. Nilizima kiyoyozi, nikakiwasha, nikakizima. Hakuna tofauti. Hata mzunguko wake wa kusimama umetulia kuliko Februari, na naona sababu: sensa ya krenki inasoma meno ya ile sproketi, na sproketi iliyolegea ilikuwa inaiambia kompyuta saa isiyo sahihi.

10 Mei 2025. Kilomita 1,150

Mvua ya masika, Makupa maji yamejaa, gari limekaa jam saa nzima na joto la injini halikupanda.

Nimebadilisha oili tena na filta nimeikata kwa mkasi wa bati. Niliikunjua karatasi yote juani kwenye sinia. Chenga chache ndogo za aluminiamu, ambazo kwa injini mpya yenye pistoni mpya ni za kawaida, na hakuna rangi ya shaba. Nimeikausha, nimeiweka kwenye mfuko wenye tarehe ili filta ijayo ilinganishwe nayo.

Gharama ya milio yote: gasketi na stadi 5,400, tenshena 12,500, stethoskopu 1,800, oili na filta ya Machi 6,200, kuitoa na kuirudisha injini 26,300, puli na wenzake pamoja na spana 27,500. Jumla KSh 79,700. Kati ya hizo, 26,300 za kuitoa injini hazikununua kitu, ukiondoa kumwona mzee yule akiishika puli.

Mpwa sasa ndiye anayesikiliza kwanza. Nimemkabidhi stethoskopu, na kila Jumamosi kabla sijawasha anaingiza tochi mbele ya rejeta kuangalia mstari wa rangi nyeupe niliouchora kutoka kichwa cha boliti mpaka kwenye puli. Leo amesema, "Mjomba, umenyooka."